Kikombe Kimoja Kabla ya Msumeno

Kafule, Ileje
4 Juni 2023

Mwanangu Mama Irene,

Usishtuke ukiona mwandiko huu. Hakuna aliyekufa, ng'ombe hajapotea, na mama yako Loisi ni mzima; hivi ninavyoandika yuko dirishani ananiuliza kwa nini natabasamu kama bwana harusi.

Najua mimi ni baba mkwe wako, na kwetu Wandali watu wa namna yetu hawaonani uso. Tangu Lusajo akuoe, ukija hapa unapita mlango wa jikoni, na mimi nikisikia sauti yako nakohoa ili ujue niko upande gani. Nyumba nzima ina kikohozi ambacho si ugonjwa. Lakini nimemuuliza mama yako, naye amefikiri, akasema barua haina uso. Kwa hiyo hatujavunja kitu.

Sasa jambo lenyewe. Lusajo anasema mibuni yangu imezeeka, na mimi sijambishia maana alikuwa ananiangalia mimi alipokuwa anaisema. Anataka ikatwe, ing'olewe, tupande parachichi. Atakuja na mtu wa msumeno mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea. Nimekubali. Nilikubali haraka, kama ninavyokubali kila kitu nikiulizwa ana kwa ana; halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakubali tena polepole, ndipo ikaniuma.

Nimelima kahawa tangu sijaota ndevu, na sijawahi kuinywa. Ndiyo, cheka. Huku tunakunywa chai. Kahawa tunaichuma, tunaimenya, tunaianika, tunaipeleka chama cha msingi, na kutoka hapo hatujui imeolewa wapi. Mwaka jana walikuja wanunuzi wageni pale chamani na mashine ndogo ya kukaa mezani. Ikanguruma, ikatoa kahawa nyeusi, kidogo tu, kwenye kikombe cha kitoto, na juu yake povu la rangi ya asali. Wakanywa wamefumba macho kama watu wanaoombea chakula baada ya kula. Mimi nilikuwa nyuma ya umati. Kikombe hakikunifikia.

Nataka kikombe kimoja kabla ya msumeno. Nikinywa nikaona ni uchungu mtupu, mibuni iende kwa amani. Nikiona vingine, angalau nitajua ninachokata.

Wewe unauza vyombo hapo Tunduma, unajua kila kinachochomekwa ukutani. Nitafutie mashine ya espreso ya nyumbani, ya mtu asiyejua kitu, isiyozidi bei ya mbuzi wawili. Mbuzi wenyewe wapo. Mmoja ni yule mkorofi, kwa hiyo usinionee huruma.

Majibu mpe Osea wa lori la viazi.

Wako,
Baba Lusajo

Nimesahau hili. Mama yako ananikumbusha kila mwaka kwamba mkwe hufunguliwa siku baba mkwe atakapompa, kwa mkono wake, kitu alicholima mwenyewe. Baada ya hapo mnakaa sebule moja kama watu. Kila mwaka ananiambia nikupe japo mkungu wa ndizi, na kila mwaka naahirisha. Si kiburi, mwanangu. Kwenye karatasi mimi ni jogoo. Mbele ya mtu naishiwa maneno.


Tunduma
15 Juni 2023

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nilijaribu kukaa, nikaona kama nimekaa mbele yako, nikasimama tena. Wateja wakadhani nimepata msiba.

Kwanza bahasha. Jina lako siwezi kulitamka wala kuliandika, na Osea anasema bahasha isiyo na jina ni karatasi tu. Nimeandika "Mwenye nyumba ya bati jekundu juu ya josho". Akikosea nyumba, mtu mwingine ataletewa mashine ya kahawa.

Pili, habari njema. Nimekupatia mashine Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na haifiki bei ya mbuzi wawili. Yule mkorofi peke yake anatosha. Ni ndogo, inaingia kwenye beseni. Unaweka kidonge cha kahawa, kikopo kidogo kilichofungwa na kahawa iliyosagwa ndani, unabonyeza, inatoa povu. Hakuna kusaga, hakuna kupima, hakuna kukosea. Kwa mtu anayeanza ndiyo yenyewe. Ukisema ndiyo, nainunua Jumamosi.

Lusajo sijamwambia habari za mashine. Na kuhusu hayo ya parachichi, Baba, usimkasirikie sana.

Msalimie Mama.

Mkweo,
Erica, Mama Irene


Kafule
23 Juni 2023

Mama Irene,

Osea hakukosea nyumba. Alikosea mlango, aliingiza barua kwenye banda la kuku, ikabaki huko mpaka jioni. Imefika na nyongeza ambazo hukuziandika wewe.

Hicho kidonge kimenitatiza. Ndani yake kuna kahawa ya nani? Nimemsomea mama yako sehemu hiyo, akauliza, "Yaani unauza mbuzi ukanywe shamba la mtu mwingine, wakati la kwako liko kwenye gunia chini ya kitanda?" Nikainama kulitazama gunia. Alikuwa amesema kweli.

Mimi sitaki kahawa, mwanangu. Ingekuwa kahawa tu, ningepewa chai nikaridhika. Nataka ya kwangu, ya ule mteremko wa juu niliopanda na baba yangu. Mashine isiyoweza kuipokea hiyo, hata ukinipa bure, itakuwa redio tu ya kunguruma.

Jaribu tena. Mbuzi bado wapo. Mkorofi ameanza kuniangalia vibaya, nadhani amesikia.

Baba Lusajo


Tunduma
9 Julai 2023

Baba, shikamoo.

Umeniumbua, na ni halali yangu. Mfanyabiashara mzima nimetafuta kilicho rahisi, sikutafuta ulichokiomba.

Nimevuka Nakonde kwa Ba Diana, mama mmoja wa Kizambia anayeshika mashine ya kahawa kwenye loji. Ni mteja wangu wa chupa za chai. Nilimwita "bamayo", yaani mama kwa lugha yao, kwa adabu zote kabla ya kuuliza, maana maswali yangu yalikuwa ya bure. Akanikalisha, akanifundisha nusu siku.

Anasema kuna zile za bei ya chini kabisa, hazina pampu, zinasukuma maji kwa mvuke tu. Ziache, kahawa hutoka imeungua. Chukua yenye pampu. Kwenye boksi wataandika nguvu ya baa ishirini, ndicho kipimo cha msukumo wa maji, kwa wino mkubwa, usibabaike: kahawa inahitaji tisa tu, hizo nyingine ni za kupamba boksi. Taa zisiwe nyingi, kila taa ni kitu cha kuharibika. Tangi la maji liwe la kuchomoka uweze kulisafisha, na ule mpira wa mdomoni, pale mpini unapobana, upatikane madukani, kwa sababu ndio hufa kwanza. Halafu kichujio. Kiwe cha sakafu mbili, chenye tundu moja dogo kwa chini. Hicho, anasema, kinamsamehe mtu anayejifunza. Wakubwa wanakidharau, lakini kila mtu alianzia hapo.

Hiyo ndiyo niliyonunua. Nyeusi, nyembamba, vitufe vitatu, haina maringo. Imekula mbuzi wote wawili, na Osea ameshaikalisha mbele kwenye lori kama abiria.

Lakini Baba, kuna neno moja Ba Diana alilisema akiwa amenishika mkono: mashine si shida, shida ni kusaga. Kahawa ikiwa chenga, maji yatapita mbio. Ikiwa vumbi, yatakwama. Inatakiwa laini kuliko sukari, isifike unga. Kwa hiyo natafuta kinu kidogo cha kusagia kwa mkono. Bado sijakipata. Kisubiri. Tafadhali sana, kisubiri.

Mkweo,
Erica


Kafule
6 Agosti 2023

Mama Irene,

Sikusubiri.

Naanza na hilo ili lisikuvamie katikati ya barua. Nilikoboa kahawa kwenye kinu cha mama yako, nikaikaanga kwenye sufuria mpaka ikaanza kupasuka kama bisi na nyumba ikajaa moshi mtamu, halafu nikajiambia: kijiji kina mashine ya kusaga, inaendeshwa kwa umeme, iko hatua chache kutoka kanisani, mtu mwenye akili anasubiri kinu cha mkono cha nini? Nikaipeleka kwa Emanueli, pale tunaposagia mahindi.

Emanueli aliuliza mara moja tu. "Mzee, una hakika?"

"Saga," nikamwambia.

Ikatoka laini, inanukia, ina weupe fulani ambao niliuona nikaudharau. Nyumbani nikamwita mama yako aje ashuhudie. Nikajaza, nikabana mpini, nikabonyeza. Mashine ikanguruma vizuri kabisa. Ikatoa tone moja. Ikakaza sauti kama yule mbuzi mkorofi siku anaondoka. Ikanyamaza. Nilipofungua, mkwe wangu, ndani mlikuwa na uji. Uji kabisa, wa rangi ya udongo, umeiva. Mama yako akachukua kijiko akaonja, akasema umepungukiwa sukari.

Hayo ni ya kwangu. Ya kijiji ni makubwa zaidi. Waliosaga mahindi baada yangu wamekula ugali mweusi wenye harufu ya hoteli. Watoto wa jirani walikataa kusinzia. Mzee mmoja wa kanisa alisali mpaka mkewe akadhani ana dhambi mpya. Jumapili nikatangazwa, jina halikutajwa, lakini shingo zote ziligeukia benchi langu.

Tumecheka sana. Ila leo nimetembea kwenye mibuni nikajisikia kama mtu aliyekuja kuaga na kusahau maneno. Pengine mambo haya si ya watu kama sisi. Yetu ni kuchuma. Mashine nimeiosha, ni safi. Ukiweza irudishe dukani. Na umwambie Lusajo asimwahirishe mtu wa msumeno kwa ajili yangu.

Baba Lusajo


Tunduma
20 Agosti 2023

Baba, shikamoo.

Mashine sirudishi.

Na kabla hujasema kitu, kuna jambo nimelishikilia tangu barua yako ya kwanza. Wazo la parachichi si la Lusajo. Ni langu.

Mwaka jana wakati wa kuchuma, Mama alinipigia simu. Alisema ulianguka mteremko wa juu na debe la kahawa mgongoni, ukalala pale mpaka alipokuja kukutafuta, na ukamkataza asimwambie yeyote. Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuna hatari ya kukutana na wewe. Sikulala vizuri. Nikafikiri: parachichi halichumwi tunda moja moja kila wiki kama kahawa, na wanunuzi wanakuja na gari lao mpaka shambani. Nikamweleza Lusajo, yeye akalileta kwako kwa mdomo wake. Mkwe mwingine angesema tu, "Baba, pumzika." Mimi siruhusiwi kukwambia hata hilo, basi nikapanga kukukatia mibuni yote.

Miche iko uani kwangu. Naimwagilia kila jioni. Na ile mashine ya vidonge, Baba, sehemu ya moyo wangu ilijua kwamba haitapokea kahawa yako. Nilitumaini hutagundua.

Unikasirikie, ni haki yako. Lakini kikombe chako kimoja lazima ukipate. Kinu cha mkono nimekipata, kimo ndani ya boksi hili. Kina skrubu chini: ukikaza, kinasaga laini; ukilegeza, chenga. Saga kidogo, jaribu, badilisha. Pitisha maji matupu kwenye mashine mpaka uji wote utoke. Na kahawa ukishaikaanga iache ipumzike siku kadhaa kwenye kopo, usiisage siku hiyohiyo. Ba Diana anasema ikitoka motoni inakuwa bado na hasira.

Ba Diana alitaka kunionjesha ya loji. Nimekataa. Nasubiri ya kwako.

Mkweo,
Erica


Kafule
2 Oktoba 2023

Mama Irene,

Kumbe nyumba hii ina jasusi, na usiku analala upande wa ukutani. Nimemuuliza habari ya simu ile. Hakukana. Alisema, "Ulinikataza nisimwambie mtu. Mkwe wako si mtu, ni kikohozi."

Ni kweli nilianguka. Nilikaa pale chini nikajifanya nakagua mizizi. Niliikagua muda mrefu sana. Mgongo umekuwa ukinisema vibaya tangu wakati huo, na nimekuwa nikimlaumu kijana wangu moyoni kwamba anataka kunifuta, kumbe alikuwa amebeba huruma ya mtu mwingine na hakuweza kusema ni ya nani. Sikukasirikii, mwanangu. Nimekaa miaka yote hii nikidhani upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayeniogopa tu.

Sasa kinu. Kinu ni kitu cha heshima. Nakizungusha nimekaa barazani, wapita njia wananisalimu kwa wasiwasi, na Emanueli amekuja kukishika akakirudisha kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. Mwanzoni maji yalipita mbio, kahawa ikawa nyembamba kama ahadi ya uchaguzi. Nikakaza skrubu, ikagoma kutoka. Nikalegeza kidogo, kidogo tena. Asubuhi moja ikashuka polepole, nyembamba kama mkia wa panya, na juu yake likakaa povu lile. La rangi ya asali.

Nimeinywa. Ilivyo sikwambii. Nataka uinywe bila maneno yangu kukutangulia. Nitasema tu kwamba mama yako ameacha chai ya asubuhi, na huyo ni mwanamke ambaye hajawahi kuacha kitu chochote isipokuwa kunisikiliza.

Neno nililompa Lusajo sitalirudisha. Alikuja na hoja, nikasema ndiyo, ameshamtafuta mtu, na mgongo wangu umetoa ushahidi upande wenu. Njooni na msumeno. Ila kabla haujawashwa, mnywe.

Baba Lusajo


Sebuleni
11 Novemba 2023, asubuhi

Mama Irene,

Barua hii inasafiri kwa miguu ya mama yako kutoka sebuleni hadi jikoni, kwa hiyo haitapita kwenye banda la kuku.

Mlipofika nilikohoa. Nawe ukakohoa. Ni mara ya kwanza kunijibu.

Kikombe chenye ua ni chako. Kile kingine mpelekee Lusajo huko nje, anywe akiwa amesimama kama alivyozoea. Sukari sikuweka. Kama mtaitaka, mama yako anajua nilikoificha.

Baba Lusajo


Sebuleni
Asubuhi hiyohiyo

Mama Irene,

Nasikia msumeno. Umewaka mteremko wa juu.

Sawa. Nilisema ndiyo na sasa inatimia, sidai kitu. Nimekaa hapa na mashine yangu, imepoa. Nilitaka tu kujua kahawa ilikuwaje.

B. L.


Jikoni

Baba,

Samahani nimechelewa kujibu, nilikuwa nimefumba macho. Mama aliniuliza kama naumwa.

Mwanzo iliniuma ulimi nikataka kuiweka chini. Nikangoja. Halafu kikaja kitu kama chungwa ambalo halijaiva sawasawa, na nyuma yake kama muwa uliochomwa motoni. Hicho cha mwisho hakiondoki. Hivi ninavyoandika bado kipo.

Lusajo alikunywa amesimama mlangoni. Alikipindua kikombe akatazama kama kuna kingine chini yake. Kisha akatoka akaenda kwa mtu wa msumeno, nami nikamfuata mpaka penye ngazi nisikie. Unajua alichofanya? Aliinama, akamwonyesha mtu yule goti lake mwenyewe. "Unakata hapa," akasema. "Mashina yasiguswe. Hakuna kung'oa. Ichipue upya."

Yule mtu akauliza, "Si ulisema parachichi?"

"Parachichi litakaa katikati yake, litoe kivuli. Wewe kata kwenye goti."

Ndicho unachokisikia, Baba. Anakata yote magotini. Itatoa machipukizi, na Lusajo anasema baada ya misimu miwili itazaa kama ya kijana. Gunia lililo chini ya kitanda chako tutalinywa taratibu mpaka wakati huo, na Ba Diana ameshaniambia anataka kopo moja aliweke loji waonje madereva.

Limebaki moja. Hiyo mibuni ikizaa, debe hubebi wewe. Nitapanda kuja kuchuma mimi. Lakini siwezi kuchuma mstari mmoja na mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Nitakuwa nakohoa mti kwa mti mpaka nipasuke kifua.

Nakuuliza hivi kwa sababu barua haina uso.

Erica


Sebuleni

Erica,

Mwambie mama yako aondoe sufuria mlangoni, nisije nikaanguka mara ya pili na safari hii mbele ya mashahidi.

Mashine imeshapata moto tena. Nakuja na vikombe viwili. Nimeilima mwenyewe, nimeikaanga mwenyewe, na nimeisaga kwa kinu ulichonipa. Kimoja nitakupa kwa mkono wangu. Kingine ni cha kwangu, ili mikono iwe na kazi, maana maneno najua yatanikimbia nikifika kizingitini. Nina kipara. Usicheke mpaka niketi.

Nitakohoa mara moja tu, ya mwisho. Usikimbilie uani.

Wako,
Gwalugano